Kidole Gumba cha Fundi

Tarehe 9 Mei 1983, fundi cherehani wa Shauri Moyo alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliziba, akaumia uti wa mgongo, miguu ikapooza. Tangu hapo cherehani yake huendeshwa na watu wawili: mkewe hukanyaga pedali, yeye huongoza kitambaa kwa vidole vyembamba. Akitaka mwendo upungue, humgusa bega. Kila asubuhi kabla ya kazi humwomba amvue soksi ya kulia, kisha hukitazama kidole gumba cha mguu bila kupepesa, kama anayetunga uzi. Anadungwa sindano za homoni ambazo madaktari bado wanazijaribu. Kidole kisipocheza kufikia sindano ya kumi, zitasimamishwa. Leo mteja alimtania, "Fundi, hicho kidole unakitongoza?" Fundi akacheka. Mteja alipoondoka, fundi akashusha sauti.

"Mama Idarusi, kesho ukiulizwa, sema kimecheza."

"Nitasema nilichokiona, Baba Idarusi."

"Basi kitazame tena."

Mkewe akapiga magoti sakafuni, akakitazama mpaka chai ikapoa. Kesho saa mbili wanakwenda kwa sindano ya kumi, na daktari, kama kawaida yake, atamuuliza mke kwanza.