Shikamoo Chini ya Kikapu

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na robo, jua la alasiri bado kali juu ya saruji ya uwanja wa Mapinga, nilipomwamkia mtu niliyetakiwa kumsukuma. Refa alikuwa amesimama katikati ya duara na mpira mkononi. Mimi upande huu, yule mama upande ule, tunatazamana. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na mpira ulipopanda akaruka, akaupiga kwa mwenzake. Mimi nilikuwa bado chini, nimeinamisha kichwa kidogo, kama inavyopasa.

Benchi letu lilicheka. Benchi lao pia. Refa akageuka pembeni, akajifanya anajifuta jasho.

Nieleze nilifikaje pale. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Shuleni nilikuwa mrefu kuliko walimu wote, hata yule wa hesabu aliyekuwa akifungua madirisha ya juu bila kupanda kiti. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeniingiza kwenye mpira wa kikapu, na baada ya mitihani timu moja ya wanawake ya Dar es Salaam ikaja Bagamoyo kuniomba kwa baba. Wananilipa. Ndiyo kazi yangu. Nikiandika hivyo nahisi kama nadanganya, maana kazi ninayoijua ni ile ya baba, kukaa dukani nyuma ya majora ya vitambaa mpaka adhana ya magharibi.

Timu inapiga kambi Mapinga, kwenye hosteli yenye uwanja wake. Niliingia kama senta wa majaribio. Senta ni yule mrefu anayesimama karibu na kikapu, na kazi yake, ukiacha maneno mengi ya makocha, ni kuishika nafasi ile kwa mwili wake. Unampa mpinzani mgongo, unamkalia, unamsogeza taratibu kwa nyonga, huku umenyoosha mkono kuomba mpira.

Sasa mimi nimelelewa na bibi mzaa baba, kwenye nyumba ya mji wa zamani. Kwa Bibi, mtu mzima hapewi mgongo. Ukipita mbele yake unainama na kusema naomba kupita. Ukimgusa kwa bahati mbaya unaomba radhi kabla hajageuka. Tena milango ya nyumba yetu ni mifupi, kwa hiyo mimi nimeinama kuliko wote. Nimeinama maisha yangu yote, mpaka majirani wanadhani nina adabu kuliko nilivyo.

Kambini walinichoka mapema. Kuna dada mmoja mfupi, mtoto wa Temeke, ndiye anayeongoza mashambulizi yetu. Kila asubuhi alinitazama juu na kuuliza, "Huko mtandao unakamata?" Nikicheka kidogo ananiacha. Lakini jina walilonibandika ni Samahani, kwa sababu ndilo neno nililolisema mara nyingi uwanjani. Nikimkanyaga mtu, samahani. Nikikanyagwa mimi, samahani vilevile.

Jumatano hiyo tulicheza mechi ya kirafiki na timu ya bara iliyokuja kukaa wiki moja hosteli ya jirani. Senta wao alikuwa karibu umri wa mama yangu. Amefunga bandeji magoti yote mawili, na mvi zimeanza mbele ya masikio. Hakunizidi urefu. Alikuwa mpana, na alikuwa anajua kusimama. Kila nilipopokea mpira nilihisi kifua chake mgongoni kwangu, nikakumbuka ni mtu mzima, nikajigeuza ubavu kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Naye akapita, akachukua mpira, akaenda zake. Mara moja kiwiko changu kilimgusa begani.

"Samahani, mama."

"Haina neno, mwanangu," akasema. Akafunga.

Kocha akanitoa. Kocha wetu ni mwanamke asiyepaza sauti, na hilo ndilo linalonitisha. Alikaa kando yangu akawa anatazama mchezo.

"Umeumia?"

"Hapana, kocha."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi mbona unamkaribisha? Bado kumpa chai tu."

Akaendelea, macho yake bado uwanjani. "Jumamosi tunarudiana nao. Nina masenta watatu na nafasi mbili za msimu. Baada ya mechi hiyo nasema nani anabaki. Sitaki umchukie yule mama. Nataka tu asisimame pale unaposimama wewe."

Nilitaka kubaki. Naandika waziwazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Watu walifikiri mimi nipo nipo tu, nimeletwa na urefu. Lakini pale chini ya kikapu ndipo mahali pekee ambapo sikuwahi kuambiwa niiname, na nilikuwa naharibu mwenyewe.

Ijumaa tulipewa ruhusa, nikaenda nyumbani. Baada ya swala na chakula nilimkuta Bibi barazani, anachagua mchele kwenye ungo. Nilikaa chini karibu yake nikaanza kutoa vijiwe pamoja naye, maana mikono ikiwa na kazi ndipo naweza kusema.

"Bibi, mtu mzima akiwa anacheza mpira, bado ni mtu mzima?"

"Akivaa kaptura ndiyo umri unapungua?"

"Kocha anataka nimsukume mama mmoja."

"Mama yupi?"

"Wa timu nyingine."

"Nimeuliza mama yupi. Wa wapi? Kabila gani? Kwao nani?"

"Sijamuuliza, Bibi."

Akauweka ungo chini. "Mnashikana jasho kwa jasho siku nzima, na hujui kwao?"

"Huwa hatuulizani."

"Hata muuza samaki anayepita hapa mlangoni namjua mpaka bibi yake alizikwa wapi. Wewe unamgusa mtu mgongo kwa kifua, hujui ni nani. Ndiyo shule hiyo?"

Hilo ndilo lililomuudhi. Si kaptura, si kusukumana. Alirudi kwenye mchele akawa ananuna, na mimi nikaondoka Bagamoyo bila jibu nililolifuata.

Jumamosi nilijitahidi kwa akili yangu ndogo. Nilimngojea yule mama getini, nikampa shikamoo yake huko nje mapema, nikidhani nikishaimaliza sitadaiwa tena uwanjani. Haikusaidia. Nusu ya kwanza nilimpisha kama Jumatano. Yule dada wa Temeke alikuwa ananipita mbio na kunong'ona, "Mwambie karibu tena." Kocha akanitoa, akaniingiza tena robo ya tatu bila kusema neno, na nikajua hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Ikatokea faulo yetu. Mwenzao akaenda kurusha mipira ya adhabu, na sisi masenta tukasimama bega kwa bega pembeni, tukisubiri. Pale mchezo unasimama kidogo. Nikasikia sauti ya Bibi: na hujui kwao?

"Mama, samahani," nikasema. "Kwenu ni wapi?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Tabora. Mnyamwezi, baba na mama. Vipi, mnataka kuja kuposa?"

Mpira ukarushwa, ukaingia, tukaanza kukimbia upande wa pili. Mimi nilikuwa nakimbia huku nacheka peke yangu.

Mama yangu ni Mkwere wa Kiwangwa, kunakolimwa mananasi. Na Wakwere na Wanyamwezi ni watani, tangu zamani za misafara iliyokuwa ikitoka bara na mizigo kuja pwani. Mtani hakasirikiwi. Babu mzaa mama alipofariki nilikuwa bado mdogo. Wanawake walikuwa wamelia tangu alfajiri, ndipo akatokea jirani mmoja Mnyamwezi, amevaa kanzu ya marehemu, ameshika bakora ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama yeye, anauliza kwa nini hajaletewa kahawa yake. Mama alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Watu walicheka mpaka wakashikana, halafu wakaendelea kulia. Umri wa jirani yule siukumbuki. Alikuwa mtu mzima kuliko mama, na mama alimmwagia maji, na hakuna aliyesema mama hana adabu.

Lakini utani lazima mtu auanze. Na mimi sijawahi kuanza jambo lolote na mtu.

Nilifika chini ya kikapu. Akaja, akanisimamia nyuma. Nikasema bila kumtazama, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto wa madrasa:

"Babu zako mizigo waliitua hapa Bagamoyo zamani. Mbona wewe shingo haijanyooka mpaka leo?"

Nikahisi kifua chake kimeniachia mgongo.

"Nani huyo anasema?"

"Mkwere. Kwa mama. Wa Kiwangwa."

"Mkwere!" Alisimama kweli, mchezaji wetu mmoja akampita bila yeye kujali. "Siku mbili unanipa shikamoo, unanipisha njia kama mama mkwe, kumbe ni mtu wa mananasi tu!" Akanipiga kumbo la nyonga nikayumba. "Haya, nipe mgongo tuone."

Nikampa mgongo.

Siwezi kusema alikuwa mwepesi. Ilikuwa kama kusukuma kabati lililojaa nguo. Lakini nilisukuma, na miguu yangu haikutafuta pa kukimbilia. Mpira ulipokuja nilikuwa nimesimama nilipotaka mimi, nikageuka, nikafunga.

"Umekula nini leo?" akaniuliza tukirudi.

"Mzigo wa babu yako."

Refa alitukemea tuache mazungumzo. Hatukuacha. Yeye alifunga mara kadhaa juu yangu, akaniambia watu wa pwani tunachoka hata tukiwa tumelala. Mimi nilifunga nikamwambia asubiri punda aje ambebe. Nilikuwa sijawahi kuzungumza hivyo na mtu yeyote, achilia mbali mtu wa umri ule. Karibu na mwisho kiwiko changu kilimpata mdomoni, damu ikatoka kidogo. Filimbi, faulo yangu. Neno lilifika mpaka kwenye meno, nikalirudisha.

Akajipangusa kwa kola ya jezi. "Fidia," akasema. "Nanasi. Kesho asubuhi kabla hatujaondoka."

Tulishindwa mechi. Nilikuwa nafungua viatu kocha alipokuja kusimama mbele yangu.

"Unabaki," akasema. "Kimetokea nini?"

"Ni mtani wangu, kocha. Sikujua."

Alifikiri kidogo. Yeye ni mtu wa kaskazini, sijui kama alinielewa. "Ligi ina masenta wengi. Wote si watani wako. Hao utafanyaje?"

"Sijui, kocha."

"Utajua," akasema, akaenda kukusanya mipira.

Na kweli sijui. Nilichokuwa nacho jioni ile ni kwamba nimemsukuma mtu wa umri wa mama, hakuvunjika wala hakuninunia. Nilimpigia Bibi simu nikamwambia, Bibi, yule mama ni Mnyamwezi, tena ananidai fidia ya nanasi. Nikasikia anacheka mpaka anakohoa.

"Na wewe siku zote hizo ulikuwa unamwachia?"

"Nilikuwa sijamuuliza."

"Mjinga wewe," akasema, kwa upole. "Na usimpe nanasi zuri."

Asubuhi yake nilitoka hosteli mapema nikaenda barabarani, kwa mwanamke anayeuza mananasi ya Kiwangwa juu ya meza ya mbao. Alinichagulia moja la manjano, lililonukia. Nikamwambia hapana, naomba lile pale dogo, la kijani, lenye majani mengi kuliko nanasi lenyewe. Alinishangaa. Basi la wageni lilikuwa tayari linaunguruma, na yule mama amekaa dirishani, mdomo wa juu umevimba kidogo. Aliponiona nalo akaanza kutukana ukoo wa mama yangu wote, wenzake wakawa wanacheka. Nikamnyooshea nanasi lile bichi kwa mkono wa kulia, nikapiga goti kidogo, kama inavyopasa kumpa mtu mzima kitu.