Gogo la Mbawakawa kwenye Moto wa Matanga

Watu wa Rodi Kopany wakisikia mtu anafuga, wanafikiria ng'ombe au kuku wa mayai. Mimi hufuga mbawakawa, wale wadudu weusi wakubwa ambao dume lao lina pembe moja puani kama kifaru. Nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kukosea. Mke wangu ni Mkuria wa Ntimaru, na kwa kuwa mimi ni Mjaluo, lugha ya nyumba yetu imekuwa Kiswahili tangu tulipokutana. Kwa Kiswahili hichohicho, mke wangu amewapa mabuu wangu jina la watoto wangu wa nje.

Nilitaka kitu kimoja tu: kupata kizazi kizima kilichozaliwa kwangu, kutoka yai hadi pembe. Kuokota mbawakawa chini ya taa ya duka ni rahisi. Kumlea buu, yule funza mnene mweupe aliyejikunja, mpaka ajijengee chumba cha udongo na kutoka humo na mabawa, ni kazi ya zaidi ya msimu mmoja. Wa kwanza niliwaweka kwenye ndoo za plastiki ndani ya nyumba. Jua lilipokolea juu ya bati, ndoo zikawa sufuria. Wa pili niliwalisha samadi kavu aliyonipa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Baadaye ndipo alipotaja kwamba ng'ombe walikuwa wametoka kudungwa sindano ya minyoo. Dawa hiyo hupita kwenye kinyesi. Mabuu walilala tu, wakawa weusi.

Mara ya tatu niliamua kuwalea kama wanavyojilea porini. Nilipata gogo la mkuyu lililoanza kuoza, nikalitoboa kwa patasi, nikaingiza mabuu wachanga pamoja na unga wa mbao iliyooza uliochanganywa na omena, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa, kwa sababu buu asiyekula vizuri hutoa dume la pembe fupi. Matundu niliyaziba kwa udongo wa kichuguu. Gogo lililala kivulini nyuma ya jikoni, nikilinyunyizia maji kila gome lilipokauka. Ukiweka sikio juu yake ungewasikia wakitafuna. Miezi ilipita, wakanyamaza, nami nikafurahi. Kimya kile kilimaanisha wamejifungia kugeuka.

Ndipo baba yangu mdogo akafariki. Boma lake linapakana na letu. Nilikwenda Homa Bay pamoja na wanawe kuleta mwili, na tuliporudi magenga yalikuwa yamewashwa uani, ule moto wa matanga ambao kwetu hauachwi uzimike mpaka marehemu azikwe. Ndani yake lilikuwa gogo langu.

Shemeji alikuwa amefika kutoka Ntimaru kabla ya wakwe wote. Yeye akija kwenye msiba wa ukweni hakai kungoja chai, anatafuta kazi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanipa pole, kisha akanionyesha moto kwa kidevu.

"Shemeji, hili nimeliona limelala tu huko nyuma. Ni zito na bado lina maji. Litashika polepole mpaka tumalize."

Nilimshukuru. Nilimvuta pembeni mtoto mkubwa wa marehemu, nikamwomba ruhusa nilitoe gogo hilo na kuweka jingine. Akauliza kwa nini. Nikamweleza, nadhani kwa urefu kuliko ilivyofaa.

"Ndugu yangu," alisema, "baba yuko pale ndani ya sanduku, na wewe unataka kumpunguzia moto kwa sababu ya funza?"

Nikabaki na njia moja, kukaa hapo. Moto ulikuwa umeshika ncha moja; ya pili ilikuwa bado nje, kwenye nyasi. Kila aliyeinuka kulisukuma gogo mbele nilimwambia aketi, nikaongeza kuni nyingine badala yake. Maji ya kunawa niliyamwaga kwenye ile ncha ya nje, kama mtu asiyejali yanaenda wapi. Niliweka kiganja kwenye gome kupima joto. Asubuhi kilistahimili. Mchana kilianza kukataa. Wazee waliokuja kutoa pole walinisifu kwa kuulinda moto kuliko hata wana wa marehemu, na shangazi mmoja akaniletea uji palepale ili nisilazimike kuondoka. Mke wangu alipita na karai la vyombo, akainama kidogo.

"Ukilia, lia wakati wa kuteremsha sanduku," alininong'oneza. "Sasa hivi wataona unalilia gogo."

Mazishi yalipokwisha, nilikivuta kipande kilichobaki na kukipasua kwa shoka. Vyumba vya karibu na moto vilikuwa vimekauka kama matofali. Katika kimojawapo alilala dume, bado laini, rangi ya chai, na pembe yake ilikuwa ndefu kuliko yoyote niliyowahi kuokota. Alikuwa ameiva kama kitu cha kuliwa. Mwisho kabisa, pale nilipokuwa nikimwaga maji, chumba kimoja kilikuwa na unyevu, na aliyekuwa ndani alipinda tumbo nilipomgusa. Hakuwa na pembe. Nilimhamishia kwenye ndoo, kivulini safari hii, na baada ya wiki chache akatoka, mweusi, mzima. Jike.

Jike bila dume hanifikishi popote. Mvua zilikuwa zimekwisha, na wakati wa kiangazi mbawakawa hawaji kwenye taa. Nilizunguka maduka ya Rodi Kopany jioni baada ya jioni, nikiinamia vibaraza, mpaka wenye maduka wakaacha kuniuliza nimepoteza nini. Nilikuwa bado natafuta dume wakati yule mtoto mkubwa wa marehemu alipopiga simu. Kulikuwa na msiba kwa wajomba huko Rangwe, na familia ilikuwa imeomba yule mtu wa moto.

"Nenda," mke wangu alisema, akinitolea koti. "Lakini kuni watoe za kwao."

Nilikwenda. Niliporudi, jike alikuwa amejizika chini kabisa ya ndoo, kama afanyavyo anayetaka kutaga. Nilijua kwamba hata akitaga, mayai hayataanguliwa. Udongo wa juu ulikuwa umekauka, nikaunyunyizia maji.