Taa Aliyoizima Mzee Mshale

Gereji nzima ilimwita Mzee Mshale, kwa sababu kazi yake ilikuwa mishale: wa mafuta, wa joto, wa mwendo, pamoja na taa zote za dashibodi zinazomkosesha mtu usingizi. Miaka ishirini na saba aliishi amejikunja chini ya usukani, tochi mdomoni, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko koleo zake. Mteja akimwomba amzimie taa tu apate kuliuza gari, alitoka pale na matusi ya kumtosha wiki nzima. Mzee alikuwa na utaratibu mmoja: taa ikiwaka, unaiamini kwanza. Unakikagua kitu chenyewe kwa mkono, na sensa unaishuku mwisho kabisa.

Asubuhi hiyo utaratibu wake aliupa likizo. Aliyekuja alikuwa binti yake, mtoto wa miezi minane amefungwa kiti cha nyuma, analia kama aliyedhulumiwa, na foleni ya kliniki haimsubiri mtu.

"Baba, taa ya breki inawaka nikikata kona, halafu inazima."

"Pedali je?"

"Iko sawa tu."

Mzee alifungua boneti, akakitupia jicho kikopo cha mafuta ya breki. Plastiki ilikuwa kuukuu, imegeuka njano, na mafuta yalionekana yamefika juu. Hakufungua kifuniko. Sensa za aina ile zilishamsumbua mara nyingi kwa kuwasha taa bila sababu, kwa hiyo akachomoa plagi ya sensa iliyo kwenye kikopo hicho. Taa ikazima.

"Tayari. Ni sensa tu. Jioni upite nikuwekee mpya."

Binti akashukuru, akaondoka. Mzee akageukia kigari cha mizigo ambacho geji yake ilidai tangi limejaa hata likiwa kavu. Bisibisi ikamponyoka, ikaviringika hadi mahali gari la binti yake lilipokuwa limesimama. Alipoinama kuiokota aliona doa sakafuni, pale palipokuwa na tairi la nyuma. Maji, alijiambia. Akaligusa. Liliteleza kati ya vidole. Akanusa: mafuta ya breki.

Hapo ndipo alipokikumbuka vizuri kile kikopo. Wakati anavuta plagi kilitikisika, lakini ule mstari wa mafuta haukutikisika hata kidogo. Lilikuwa doa la zamani, limegandia plastiki kwa miaka. Ndani huenda hamkuwa na kitu, na hata fundi wa juzijuzi angejua kwamba kifuniko kinafunguliwa.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena, ikakata tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkanya binti asipokee simu akiwa kwenye usukani, na binti alikuwa msikivu. Barabara ya kliniki inashuka mteremko mrefu, na kule chini inaishia kwenye makutano ya malori.

Alidandia pikipiki ya kwanza aliyoiona. Dereva akamuuliza wapi, akaonyesha kwa mkono. Kila walipolipita gari alikodoa macho, na kila honi aliyoisikia aliidhani ni ya binti yake.

Katikati ya mteremko aliliona gari la binti. Lilikuwa limezamisha pua kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, na binti amesimama kando, mtoto begani. Mzee aliwapapasa wote wawili, vichwa, mikono, miguu, kama anayekagua nyaya. Walikuwa wazima.

"Pedali ilianza kuzama kule juu, kabla ya mteremko," binti alisema. "Nilitaka kusimama. Nikatazama taa, nikaona haijawaka. Nikajiambia, baba ameshaangalia. Nikateremka."

Mzee Mshale aliketi palepale kwenye mchanga, akamweleza yote: kifuniko ambacho hakukifungua, plagi aliyoichomoa kwa mkono wake.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamhamishia mtoto kwenye bega la pili, lile lililokuwa mbali na baba yake.