Orodha Niliyoianika Ukutani

Afadhali niseme mwenyewe, maana msiponisikia mimi mtasikia kwa wengine, na wao watatia chumvi: mimi ndiye yule mhadhiri aliyeanika siri za darasa zima ukutani mchana kweupe, akiwa ameupa ukuta mgongo na kutabasamu kama bibi harusi. Chuo sitakitaja. Kiko hapa hapa Garissa na anayekijua anakijua, tuko pamoja?

Nilikuwa nimetoka kwetu Voi, nimeajiriwa kufundisha afya ya jamii, nina digrii ya pili na viatu vipya ambavyo vumbi la huku lilivimaliza wiki ya kwanza, na mkataba wangu ulikuwa wa majaribio. Sisi wahadhiri wapya tukapelekwa mafunzo ya ufundishaji, asubuhi tano mfululizo, chini ya Daktari Abdullahi, mzee mpole wa Hulugho mwenye ndevu za hina na ulimi wa Kisomali unaoigeuza p kuwa b, na baada ya hapo kila mmoja angefundisha darasa lake halisi huku Daktari ameketi nyuma na fomu. Fomu hiyo ndiyo ingeamua kama nitathibitishwa kazini au nitarudi Voi kumweleza mama, ambaye alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba binti yake ni profesa (si profesa, mama, nimekwambia mara mia).

Daktari alitufundisha mengi, mimi nikashika matatu. Usiwape wanafunzi mgongo ukaanza kuongea na ukuta. Usijifiche nyuma ya meza, tembea katikati yao, mtafute aliye kimya umpe nafasi. Na la tatu, wajue kwa majina. "Ukiita mtu 'wewe wa shati ya buluu'," alisema, "huyo umefukuza tayari, ni vile tu bado amekaa."

La majina ndilo lililonimaliza. Kwenye rejista yangu akina Mohamed Abdi walikuwa saba, na wanne kati yao waliketi safu moja, nadhani kwa makusudi, kwa hiyo nikiita "Mohamed Abdi!" inaitikia kwaya. Nikamwendea Hodhan, kiongozi wa darasa, msichana wa Eldas asiyeishiwa kicheko, nikamwomba msaada. Akanishangaa.

"Madam, huku mtu hajulikani na jina ya rejista. Kila mtu iko na naanays."

Akanieleza kwamba naanays ni jina la utani unalopachikwa na wenzako tangu utotoni, mara nyingi kwa lile lile umbile unalotamani watu wasilione, na ukishalipata halibanduki: mrefu ni Dheere, mwenye kipara ni Bidaar, anayechechemea ni Langaare, na wenyewe wanaitika bila kinyongo kwa sababu hakuna aliyesalimika.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikafungua jedwali kwenye laptop, safu ya kwanza jina, ya pili naanays, na ya tatu (hii ni akili yangu mwenyewe, Hodhan hahusiki) "alama ya kumkumbukia", ambayo niliijaza kwa maneno yangu, jinsi nilivyomwona kila mtu. Wa mwisho alikuwa Fatuma Abdi Gedi, aliyejiunga na darasa kwa kuchelewa, na Hodhan akasema huyo bado hajapewa naanays kwa kuwa hasemi na mtu. Nikaandika: "Kimya. Hajui kitu." Kisha Hodhan, ameshanogewa, akaninong'oneza jina ambalo wanafunzi humwita Daktari Abdullahi mgongoni, na mimi, mtu mzima na vyeti vyangu, nikaongeza mstari.

Siku ya fomu ikafika. Nilianza vizuri, jamani, acheni niseme hilo. Niliita rejista kutoka kwenye laptop, na kila Mohamed Abdi nikamtazama usoni yeye hasa, darasa likashangaa, Daktari akaitikia kwa kichwa mara mbili na kuandika kitu. Nikafungua slaidi zangu (ndivyo nilivyodhani), nikaunganisha waya wa projekta, lakini projekta yetu ni ya kizamani, ukiiwasha lazima ifikirie kwanza, na nilipoona inafikiri sana nikakumbuka habari ya kutojificha nyuma ya meza, nikachukua rimoti yangu nikaingia katikati ya wanafunzi, mgongo kwa ukuta, kama nilivyofundishwa.

Nikasikia kicheko kimoja pembeni. Halafu safu nzima ya akina Mohamed ikaangukia meza. Nikajisemea, leo nimewakamata, huu ndio ushiriki wa wanafunzi tuliohubiriwa siku tano. "Tuko pamoja?" nikauliza, wakacheka zaidi. Hodhan alikuwa anapitisha kidole shingoni na kunionyesha ukuta kwa mdomo, nami nikaelewa kwamba muda unakwisha, ukutani si ndipo ilipo saa, basi nikaongeza mwendo. Nyuma kule Daktari alikuwa amekunja mikono, kidevu kifuani, na nilifurahi kwa sababu anayesinzia hamkati mtu alama.

Mtu mmoja tu hakuwa anacheka. Fatuma. Nikakumbuka, mtafute aliye kimya.

"Fatuma, tusomee mistari miwili ya mwisho hapo ukutani." (Kwenye slaidi yangu hapo palikuwa na maswali mawili kuhusu maji ya lambo, lile bwawa la kuchimba.)

Akasimama polepole. "Nisome yote, madam?"

"Yote. Kwa sauti, usiogope."

"Hata ile ya mwisho?"

"Hasa ile ya mwisho!"

Akasoma, na sauti yake, ambayo ilikuwa mara ya kwanza naisikia, ilikuwa safi na haikutetemeka. "Fatuma Abdi Gedi. Naanays hana. Kimya. Hajui kitu." Akavuta pumzi. "Daktari Abdullahi. Hurdo, yaani Usingizi. Hulala mhadhiri mpya akianza somo, huamka kwa makofi."

Sijui ni nani aliyepiga makofi (namshuku Dheere), lakini alipiga, na Daktari akaamka.

Ndipo nikageuka. Jedwali lote lilikuwa pale, ukuta mzima. Nikabonyeza rimoti, haikusikia. Nikachomoa waya, projekta ikagandisha picha. Nikakimbilia swichi ya ukutani nikaizima, kumbe ni ya taa na feni, na kwa kuwa mapazia yalikuwa yamefungwa, jedwali likang'aa kuliko mwanzo, nasi tukaanza kutoka jasho pamoja.

Daktari akaja mbele, akavaa miwani, akasoma kuanzia juu hadi chini bila haraka. Nilikuwa nimeshaanza kufungasha nguo kichwani.

"Hii Hurdo mimi najua miaka mingi," alisema. "Hiyo si kitu. Lakini hii safu ya tatu imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Naanays unabewa na mtu mnakula na yeye. Yeye anakucheka, kesho wewe unamcheka. Hii umeandika beke yako, walaal, dada yangu, na ni wewe unashika alama yao."

Niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa. Nikamwendea Fatuma, nikamwomba radhi mbele ya wote.

"Ni sawa, madam," akasema. "Lakini somo ni ya maji ya lambo, si ndio? Mimi nimekunywa hiyo maji tangu kuzaliwa."

Kwa muda uliobaki akatueleza jinsi wanavyolizungushia lambo la kwao miiba ili mifugo isiingie, mama yake anavyoyachuja maji kwa shuka, na mwaka ambao kuchuja hakukutosha wakamzika mdogo wake. Hakuna aliyecheka. Mhadhiri nilikuwa mimi, na aliyekuwa akinakili somo ni mimi pia.

Alipomaliza, Daktari akanigeukia. "Na wewe jina yako iko wabi haba?"

Hodhan akajifunika uso kwa mtandio. Ni Fatuma aliyejibu, yule yule wa kimya.

"Tuko Pamoja."

"Uongo!" nikasema. "Mimi sisemi hivyo kila wakati, tuko pamoja?"

Hapo hata Daktari alilazimika kushika meza.

Fomu ilirudi na mistari miwili: "Anajua majina ya wanafunzi. Wanafunzi wenyewe bado. Arudie muhula ujao." Majaribio yakaongezwa, na mama nikamwambia uprofesa umeahirishwa kidogo. Safu ya tatu niliifuta siku ile ile, na nimeapa sitaandika tena juu ya mwanafunzi neno ambalo siwezi kumpa alisome mwenyewe kwa sauti, wala sitafungua mdomo darasani kabla sijageuka kuuangalia ukuta, Daktari asinzie asisinzie.

Juzi nilikuwa sokoni, mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, ambaye sijawahi kumwona maishani, akaniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Tuko Bamoja! Kuja, maziwa iko!"

Nikaitika.