Kipimo Hakikusema cha Nani

Nilikuwa njiani kurudi Korogwe, kwenye maabara ya maji ninakofanya kazi, nilipotambua kwamba sampuli zote nilizokuwa nimezichota zilitoka upande wa lambo wanakonyweshea ng'ombe.

Lambo lenyewe liko ndani kidogo kutoka Mkata. Watoto wa wakulima walikuwa wanaharisha. Wakulima walisema ni mifugo. Wafugaji walisema ni vyoo vya wakulima, mvua ikinyesha vinamwagikia majini. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na mgombea mmoja wa udiwani alikuwa ameahidi kuwaondoa wafugaji.

Mimi ni Mzigua, kama wakulima wa pale. Mjomba wangu analima pale, na binti yake mdogo alikuwa mmoja wa wagonjwa. Hakuna aliyeniambia nichote upande ule, miguu ilijiendea. Hilo lilinitisha kuliko kelele za watu, kwamba naweza kusema uongo bila mwenyewe kujua.

Kesho yake nikarudi, nikachota pande zote za lambo, na kwenye kisima cha mlimani ambako ng'ombe hawafiki. Mjomba akanikuta huko.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Jana si ulishachukua?"

"Nilichukua vibaya."

"Vibaya kwa nani?"

Nilifunga kizibo cha chupa, nikaandika lebo.

Majibu yalipotoka, vimelea vya kinyesi vilikuwa kila mahali, hata kisimani. Na kipimo chetu hakiwezi kutenganisha kinyesi cha ng'ombe na cha mtu.

Siku ya mkutano wa kijiji, wafugaji walisimama upande mmoja na fimbo zao. Upande wa pili walikuwa wakulima, wengine na mapanga waliyotoka nayo shamba. Yule mgombea alinivuta pembeni.

"Binti, sema tu ni mifugo. Watu wamechoka. Na wewe ni wa hapahapa."

Nilisimama mbele yao. Nikakunjua karatasi ya majibu.

"Maji yote yana kinyesi, lambo na kisima. Kipimo hakisemi ni cha nani. Chemsheni kabla ya kunywa."

"Kahongwa huyo!" mtu akapiga kelele. Sikujua ni wa upande gani. Nilimtafuta mjomba kwa macho; alikuwa anaangalia chini. Tulipokuwa tunaondoka, jiwe liligonga gari kwa nyuma. Dereva hakusimama, wala mimi sikugeuka.

Wiki iliyofuata, nikisubiri basi Mkata, gari la matangazo la yule mgombea likapita: "Mtaalamu amepima! Amethibitisha ni ng'ombe!"

Nilivuta mtandio ukanifunika uso, nikaogopa mtu asije akanitambua. Mkuu wangu wa kazi nilipomweleza alisema, "Kazi yako umeshamaliza. Siasa waachie wenyewe." Siku mbili nilikuwa nikiwaza hilohilo. Nikisema, nitaonekana nampigia mtu kampeni. Nikinyamaza, uongo utatembea kwa kinywa changu.

Siku ya tatu nilipeleka nakala ya majibu, nikaibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mama mmoja wa Kimaasai, mwenye dumu la maji, alisimama nyuma yangu.

"Wewe ndiye uliyesema ni sisi?"

"Hapana, mama. Sikusema."

"Nisomee. Mimi sijui kusoma."

Nikamsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii karatasi itawazuia wasitufukuze?"

"Sijui, mama."

Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Yule mgombea alishinda uchaguzi. Maboma matatu ya wafugaji yakahama, na mama yule sikumwona tena. Mwezi mmoja baadaye mjomba akanipigia simu, mara ya kwanza tangu mkutano.

"Mtoto anaumwa tena," alisema. "Njoo upime."

Nilikwenda. Nilipofika mlangoni kwake nilibisha hodi mara mbili, nikiomba moyoni asiniulize ni cha nani mpaka nimalize kupima.