Siku Kumi za Mavo

Oumi hakumpenda yule mbwa, wala hakujisumbua kuficha. Mumewe, Msaidié, ndiye aliyemleta nyumbani kwao Marodoka mwaka 1979, akiwa bado mdogo kiasi cha kubebwa ndani ya kofia. Alimwita Mavo, kama Wasakalava, wenyeji wa pale, wanavyoiita ile rangi ya manjano iliyofifia. Oumi alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mate ya mbwa yakigusa nguo, nguo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na miaka ile sabuni ilipatikana kwa foleni. Akatoa sharti: mbwa akae uani, asivuke kizingiti. Msaidié akakubali. Alikuwa mtu wa kukubali mambo, tangu walipotoka Mahajanga.

Walitoka huko Januari ya 1977, baada ya siku zile ambazo Wakomoro waliuawa mitaani, naye Anli, kaka yake Oumi, akawa mmoja wao. Wengi walipanda ndege kwenda Komoro. Wao Komoro hawakuijua. Walizaliwa Mahajanga, na wazazi wao vilevile. Wakapanda boti ya mizigo pamoja na binti yao Chamsia, wakaenda kaskazini hadi kisiwa cha Nosy Be, kijijini Marodoka, na Msaidié akaapa kwamba hatakanyaga tena mji ule.

Alipata kazi kwenye shamba la milangilangi, kuchochea moto chini ya mtambo wa kukeneka mafuta ya maua. Chamsia aliolewa Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho. Nyumbani wakabaki wawili, na Mavo uani.

Jumamosi moja ya Machi 1982, mkokoteni wa ng'ombe uliosheheni kuni uliteleza matopeni pale shambani, ukarudi nyuma, na gurudumu likaupanda mguu wa nyuma wa Mavo. Msaidié alipiga magoti kumtoa. Mbwa, kwa uchungu aliokuwa nao, hakujua mkono ni wa nani. Aliung'ata kati ya kidole gumba na cha shahada, meno yakazama.

Mwaka mwingine watu wangempa pole na kurudi kazini. Lakini mwanzoni mwa mwaka ule kichaa cha mbwa kilikuwa kimepita vijijini. Hassane, msimamizi wa kuni pale shambani, alipoteza mdogo wake: kijana huyo aling'atwa na mbwa wa kupita, akapuuza, na wiki tano baadaye akafa amefungwa kamba kitandani. Kwa hiyo Mavo alipong'ata, wachukuzi wote walirudi nyuma, na Hassane akaokota gogo. Msaidié alimkinga mbwa kwa mwili wake, akamtia kwenye gunia la maua, akambeba hadi nyumbani huku mkono ukichuruzika damu.

Oumi hakupiga kelele. Aliuosha ule mkono mara saba, moja kwa udongo, akaufunga kitambaa, kisha akamwongoza mumewe Hell-Ville kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Nadjati, naye wa asili ya Kikomoro. Aliposikia habari ya kuosha mara saba alisema vema, akawaamuru waoshe tena kwa sabuni, robo saa nzima, huku yeye akitazama saa. Ndipo akawaeleza taratibu, kwa lugha yao ya nyumbani. Chanjo Nosy Be ilikuwa imekwisha. Mahajanga ilikuwapo, kidogo, sindano moja kila siku tumboni kwa wiki mbili na zaidi, na waliotangulizwa ni wale ambao mbwa wao walijulikana kuwa wagonjwa.

"Mbwa mwenye kichaa kwenye mate yake hamalizi siku kumi," alisema. "Wa kwenu akifika siku ya kumi akiwa mzima, baba naye ni mzima. Akifa kabla, au akibadilika, baba apande boti siku hiyohiyo. Barua ya hospitali ya huko hii hapa."

"Na akifa kwa ule mguu?" Oumi aliuliza.

Daktari aliacha kuandika. "Hapo hatutajua. Msimwache afe kwa mguu, mama."

Njiani Oumi alimsihi mumewe asingoje, aende tu. Msaidié akajibu kwamba daktari mwenyewe amesema wamsubiri mbwa. Alisema hivyo kwa sauti nyepesi mno, na Oumi akatambua, akakasirika moyoni: huyu mtu aliogopa Mahajanga kuliko alivyoogopa kufa.

Bibi yake Oumi alikuwa akiunga mifupa ya watu, na Oumi alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa akimshikia vibao. Jioni ile alipasua mwanzi, akachana kanga kuukuu, akamfunga mbwa mdomo kwa utepe wa nguo. Msaidié alimkandamiza shingo kwa mkono mzima. Oumi alipapasa mguu hadi akasikia mifupa ikisagana kama changarawe, akavuta, akanyoosha, akafunga vibao na kukaza kwa nguvu zake zote. Kisha akaenda kuosha mikono, mara saba.

Tangu hapo ndiye aliyemlisha. Alimchemshia vichwa vya samaki, akampa maji ya ukoko wa wali, akamfungia kamba chini ya upenu wa jiko. Kila asubuhi alimchuchumalia mbali kidogo akamkagua kama daktari alivyomwelekeza: sauti imebadilika? taya limelegea? anameza? Msaidié alikuwa akisimama nyuma yake, na kila Oumi alipogeuka alimwona anautazama uso wake badala ya kumtazama mbwa.

Alhamisi Mavo alibakiza chakula. Ijumaa hakula kabisa. Jumamosi, siku ya saba, bakuli la maji lilikuwa vilevile lilivyowekwa, uzi wa mate ulining'inia mdomoni mwake, na Msaidié alipomkaribia, alingurumiwa. Boti ya Mahajanga ilikuwa inaondoka adhuhuri. Nyingine haikutarajiwa kabla ya wiki mbili.

"Tungoje mpaka jioni," alisema Msaidié. "Huenda ni homa tu."

Oumi alikwisha kuanza kumfungia mkoba. Alitia kikoi, akatia barua.

"Anli naye alisema tungoje mpaka jioni," alijibu bila kuinua uso. "Panda boti, Baba Chamsia."

Msaidié akavaa viatu.

Oumi aliporudi kutoka bandarini alimkuta Hassane penye ua wake na gogo mkononi, na wanaume wawili nyuma yake. Hawakuwa wakifoka. Walizungumza kwa sauti ya chini, na hicho ndicho kilichomtisha, maana Mahajanga alijificha nyuma ya mlango na kuwasikia watu wakizungumza vivyo hivyo. Sasa hakukuwa na mlango wa kujificha. Alipita katikati yao, akasimama mbele ya mbwa.

"Nipishe, Mama Chamsia," alisema Hassane kwa Kisakalava. "Huyu ni mgonjwa, na wewe unajua."

"Sijui. Wala wewe hujui. Ukimpiga leo hatutajua kamwe, na mume wangu atadungwa hadi mwisho. Nipe mpaka Jumanne."

Hassane akaanza kueleza mdogo wake alivyokufa. Alieleza yote, kuanzia siku ya kwanza ya homa hadi zile kamba, na Oumi akasikiliza yote. Alipomaliza, Oumi alimwambia akae. Kama angeona kwa mbwa huyu yale aliyoyaona kwa mdogo wake, basi yeye Oumi angempisha mwenyewe.

Wale wawili wakaondoka. Hassane akaketi juu ya kinu kilichoinamishwa, gogo magotini, macho kwa mbwa. Alikuwa mtu wa ng'ombe tangu utoto, na baada ya muda mrefu ndiye aliyeona ambacho Oumi, kwa kukodolea mdomo siku saba, hakukiona.

"Nzi hawatui mdomoni," alisema. "Wanatua kwenye kanga. Mguu unanuka."

Oumi alisogea, akanusa. Ilikuwa kweli. Lakini kuufungua mguu ni kupeleka mikono karibu na yale meno, wakati chanjo iko Mahajanga na boti imeondoka. Hassane alimwambia aache. Oumi alikwenda jikoni, akaweka maji ya chumvi motoni, akajizungushia magunia mikononi hadi kwenye viwiko. Alipotoka, Hassane alikuwa amekwisha kukata tawi la mpera lenye panda. Aliibana shingo ya mbwa chini kwa ile panda, akageuza uso wake pembeni kadiri alivyoweza.

Fundo la mwisho lilipofunguka Mavo alijikunja na kuuma hewa, upana wa kidole kimoja tu kutoka mkono wa Oumi. Oumi aliruka nyuma, akasimama akihema, kisha akarudi. Chini ya kanga nyama ilikuwa imevimba mara mbili, usaha umejaa, na mabuu yalikuwa yakitambaa kandokando ya kidonda. Oumi alikuwa amekaza mno. Bibi yake alikuwa akiingiza kidole chini ya kila utepe kabla ya kuufunga, naye alilisahau hilo kwa hasira na haraka. Alimwaga maji ya chumvi, akatoa mabuu moja baada ya jingine kwa kijiti, akakamua, akamwaga tena. Mbwa alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha Oumi akafunga vibao upya, safari hii kwa kulegeza, kidonda akakiacha wazi.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa bado hayajaguswa. Hassane alifika mapema na gogo lake, akaketi mahali palepale. Jua lilikuwa limeanza kuuma, ndipo Mavo akanyoosha shingo, akalinusa bakuli, akatoa ulimi. Alikunywa, akapumzika, akanywa tena hadi bakuli likawa linasukumika chini tupu.

"Anameza," alisema Hassane.

Oumi alilijaza bakuli tena.

"Mdogo wangu hakuweza kumeza hata mate yake." Hassane alisimama, akaenda upande wa pili wa jiko, akakaa huko peke yake kwa muda. Oumi alimpelekea sahani ya wali, akaiweka karibu naye, akamwacha.

Jumanne ikapita. Jumatano Oumi alitembea hadi posta ya Hell-Ville, na karani akamwandikia simu ya maandishi kwa Kifaransa: mbwa yu hai, anakula, anakunywa. Mahajanga, Msaidié alikuwa amekwisha kudungwa sindano nne. Madaktari wa huko waliposoma ile simu wakaacha kumdunga.

Alirudi na boti iliyofuata, tumbo lina vinundu, amekonda. Jioni hiyo, wakiwa wamekaa barazani, alisema mwenyewe kabla ya kuulizwa kwamba alikwenda makaburini.

"Uliliona la Anli?"

"Niliuliza njia kama mgeni. Mama mmoja wa pale alinipeleka. Limejaa majani, nikayang'oa."

Oumi alimuuliza kama pale pana kivuli, naye akasema kipo, kidogo.

Vibao vilitolewa mwishoni mwa Aprili. Mguu uliunga ukiwa umepinda, mfupi kwa upana wa kidole, na kwa siku kadhaa Mavo aliuinua tu, akirukaruka kwa mitatu. Oumi alimshika kila asubuhi, akamkanda paja kwa mafuta ya nazi na kumlazimisha aukanyage, akimgombeza muda wote. Katikati ya Mei alikanyaga. Hakuingia ndani ya nyumba hata mara moja katika miaka sita aliyoishi baada ya hapo, na Oumi hakuacha kuosha mikono mara saba.

Mwaka 1985 Oumi mwenyewe alikwenda Mahajanga na mumewe, kumsomea Anli hitima. Mavo walimwacha kwa Hassane. Hassane aliwasindikiza hadi botini huku mbwa akichechemea kando yake, akawaambia wasiharakishe kurudi.