Sauti ya Tatu Niliyoipeleka Wamaza

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya aibu iliyompata mwanafunzi wangu. Alikwenda Kindu kuomba kazi ya ukalimani, wakamrudisha. Walisema Kiingereza chake kinanuka kijiji. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikataka kujua watu wetu wenyewe wakisikia Kiingereza cha namna mbalimbali, wanakiheshimu kipi na wanakidharau kipi. Kwenye simu nilikuwa na sauti mbili zikisoma habari moja fupi ya kisima, ya Mwingereza na ya Mkenya. Ilibaki ya mtu wa kwetu.

Jumatatu mchana mimi na dereva tulifika Lusangi, baada ya pikipiki kutuangusha matopeni mara mbili. Hapo nilimpata Ramazani, mwalimu aliyejifunza Kiingereza kambini Tanzania, alikokimbilia wakati wa vita akiwa kijana. Alisikiliza zile sauti mbili, kisha akasoma habari ile amesimama wima, taratibu, bila kukosea neno, nami nikamrekodi.

“Jina langu usitaje,” alisema.

“Sitalitaja.”

Akaniambia ameacha kazi pale. Shule ya Wamaza ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kiingereza, na mke wake na watoto walikuwa huko. “Kesho kutwa nitafika. Inabaki tu kuonana na prefe, mkuu wa shule.”

Nilimtakia heri. Sikufikiri zaidi, ingawa nami nilikuwa naelekea shule hiyohiyo.

Jumanne, Wamaza. Prefe alinikusanyia wazazi darasani. Sauti ya Mwingereza waliisikiliza kama sala, ingawa hakuna aliyeweza kunieleza habari yenyewe. Ya Mkenya walisema inafaa. Ya tatu ilipoanza, walicheka.

“Huyu anasema kama anatafuna muhogo mubichi,” alisema Mama Aziza, mwenye watoto watatu shuleni.

“Lakini mmemwelewa, mama?”

“Tumeelewa yote! Njo maana haiko Kingereza ya kweli.”

Prefe akafunga mazungumzo. “Andika, mwalimu: mutu wa sauti ile hawezi kufundisha watoto wetu.”

Nikaandika.

Jumatano asubuhi nilikuwa ofisini kwa prefe nikiaga, Ramazani alipoingia. Viatu alikuwa amevishika mkononi njia nzima, alivivaa mlangoni. Prefe alimwomba ajieleze kwa Kiingereza. Kwenye sentensi ya pili prefe akanigeukia.

“Njo yeye wa sauti ile?”

Niliinamia daftari langu, na hilo likawa jibu. Kisha nikasihi: Kiingereza chake ni sahihi, sahihi kuliko changu.

“Iko sahihi,” prefe alisema bila hasira. “Lakini wazazi wamesikia. Na wewe mwenyewe umeandika.”

Ramazani alitutazama kwa zamu, akashukuru, akatoka. Nilimfuata hadi barabarani. Hakugeuka.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, nikirudi, nilimuulizia Lusangi. Nafasi yake ya ualimu pale ilikuwa imeshachukuliwa. Nilimkuta mtoni kati ya wachimbaji, maji magotini, akiosha mchanga wa dhahabu.

“Nisamehe,” nilisema. “Sauti yako nimeifuta.”

Aliacha kuosha. “Kwa nini umefuta? Wale wengine wawili umewafuta?”

“Hapana.”

“Basi umenifukuza mara mbili,” alisema, akainama tena majini.

Niliondoka kutafuta watu wanaodharau Kiingereza chetu. Nilirudi Kasongo nikijua mmoja wao ni mimi, na mpaka leo sijapata namna ya kumweleza mwanafunzi wangu.